Taa za kaboni zaja, lakini je, zitaondoa koroboi?

Msomaji mmoja wa ukurasa huu ameniuliza kama ni kweli kwamba nywele zinazofagiliwa kwa kinyozi zaweza kutengenezwa taa. Habari hiyo aliisikia ndani ya matatu, na abiria wenzake wakaicheka sana. Jibu ni kwamba ni kweli, ingawa taa hiyo bado haijafika mahali pa kuning'inizwa sebuleni. Na kwa kuwa swali limeletwa kwa daktari badala ya fundi wa stima, nitalijibu kidaktari. Nitaanza na kifua.

Katika kliniki yangu, iliyo mashariki mwa Nairobi, siku haipiti bila mama kuleta mtoto anayekohoa. Mzazi hutaja baridi, hutaja vumbi, hutaja kubadilika kwa hali ya hewa. Ninapomuuliza usiku wanatumia taa gani, hunitazama kana kwamba nimemuuliza mshahara wa mumewe. Lakini swali hilo lina maana yake. Mwambie mtoto anayesoma kwa koroboi apenge makamasi asubuhi kwenye kitambaa cheupe, nawe utaona mwenyewe alichokuwa akivuta usiku kucha.

Koroboi ni kopo na utambi tu. Haina kioo cha kuukinga moto, kwa hiyo mafuta hayaungui yakaisha. Wanasayansi waliochapisha vipimo vyao mwaka 2012 waligundua kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta taa yanayoungua katika taa za namna hiyo hugeuka kuwa masizi meusi. Masizi ni kaboni. Chembe zake ni ndogo hivi kwamba vinyweleo vya puani haviwezi kuzinasa. Hupita koo, hupita mirija ya hewa, na kutua ndani kabisa kwenye vifuko ambako damu huchukua oksijeni. Utafiti uliofanywa mjini Pokhara, Nepal, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kifua kikuu kilipatikana zaidi kwa wanawake waliomulikiwa na taa za mafuta kuliko wale waliotumia umeme. Utafiti mmoja hautoshi kutoa hukumu. Hata hivyo, kufikia mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeona ya kutosha, likatoa mwongozo unaozihimiza familia kuachana na mafuta taa nyumbani.

Halafu kuna yale ambayo hayahitaji darubini. Mafuta taa huuzwa kwa kipimo kidogo na kubebwa katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili huijua chupa ya soda. Akiyanywa, hatari kubwa haiko tumboni bali mapafuni, kwa sababu mafuta hayo ni mepesi na huteleza kuingia katika njia ya hewa. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: usimtapishe mtoto aliyekunywa mafuta taa, wala usimnyweshe maziwa ili ati yakate sumu. Akitapika, mafuta hupita kooni mara ya pili na kupata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkimbize hospitalini hata kama anacheza, maana kukohoa na kuhema mbiombio kwaweza kuanza baada ya saa kadhaa. Na aliyeungua kwa koroboi iliyopinduka apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Dawa ya meno, unga na ute wa yai viacheni jikoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna taa mpya ya bei nafuu, mimi siulizi kwanza inang'aa kiasi gani. Nauliza kama itaitoa koroboi ndani ya nyumba.

Sasa twende kwa kinyozi. Kaboni ndiyo makaa, ndiyo masizi ya chini ya sufuria, ndiyo ile nyeusi ya penseli, na ndiyo almasi. Ni kitu kile kile kilichopangwa namna mbalimbali. Wataalamu wamegundua kwamba ukiipata kaboni katika chembe ndogo kupindukia, hufanya jambo ambalo makaa hayafanyi: hutoa nuru ya rangi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe tunazozizungumzia kwa kawaida hazizidi nanomita 10. Uzimulike kwa mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho, nazo hurudisha mwanga wa buluu, kijani, manjano au hata nyekundu, kwa kutegemea ukubwa wake na vitu vilivyoshikamana na uso wake.

Ziligunduliwa kwa bahati tu. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, watafiti walikuwa wakiyasafisha masizi ya cheche za umeme ili wapate kitu kingine, yaani mirija midogo sana ya kaboni. Katika uchafu waliokuwa wakiutenga wakaona kitu kinachong'aa. Mwaka 2006 wenzao wa Chuo Kikuu cha Clemson, katika jimbo hilo hilo, wakazipa chembe hizo jina ambalo kwa Kiswahili tungesema nukta za kaboni. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakazitoa katika masizi ya mshumaa. Naam, masizi ya mshumaa! Mimi niliyezoea kuyachukia masizi nilipoisoma habari hiyo ilinibidi niisome mara mbili.

Tangu hapo imekuwa kama mashindano ya upishi. Mwaka 2012 watafiti wa India walizitengeneza kwa maji ya machungwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitumia soda na mabaki ya mkate, wakazigandisha nukta zao katika gundi ngumu ili kutengeneza taa ndogo za LED. Na mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, nchini Australia, kilichukua nywele kutoka kwa kinyozi mmoja mjini Brisbane, kikazivunjavunja kwa kemikali na kuzichoma kwa nyuzijoto 240, kisha kikatumia nukta zilizopatikana katika kioo chembamba kinachopindika na kutoa mwanga. Hiyo ndiyo habari iliyofika kwenye matatu. Tafadhali, asije mtu akaanza kuchoma nywele kwenye jiko nyuma ya nyumba. Nukta hizi hupatikana katika chombo maalumu, kwa joto lililopimwa, na baadaye husafishwa kwa kazi ndefu. Nywele zilizochomwa jikoni hutoa moshi na harufu, basi.

Kwa nini daktari ajishughulishe na mambo haya? Kwa sababu ya kile ambacho nukta hizi zinataka kukiondoa. Chembe ndogo zinazotoa rangi si jambo geni. Mwaka 2023 Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walituzwa Nobeli ya kemia kwa ugunduzi wa nukta za kwantamu, ambazo leo zimo katika runinga za kisasa. Lakini nyingi kati ya zile zilizosifiwa kwa rangi safi zilitengenezwa kwa kadimiamu. Madaktari wa Japani wanaijua kadimiamu. Ilitoka migodini ikaingia katika mto Jinzu, mkoani Toyama, ikaingia katika mpunga, ikaharibu figo za wakulima na kuilainisha mifupa yao hata ikavunjika kwa kukohoa tu. Serikali ya Japani ilikubali rasmi mwaka 1968 kwamba ugonjwa huo ulitokana na uchafuzi. Ulaya imeweka kikomo cha asilimia 0.01 cha kadimiamu katika vifaa vya umeme, isipokuwa pale panapotolewa ruhusa maalumu. Zebaki iliyomo katika taa za mrija ni kisa kama hicho: mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba taa hizo zikome kutengenezwa, kuagizwa na kuuzwa nje kufikia mwaka 2027.

Basi ikiwa taa yaweza kupata rangi yake kutokana na maganda, nywele au majani, bila kadimiamu na bila madini adimu yanayochimbwa mbali, hilo ni jambo la kushangiliwa. Hata sisi hatukosi malighafi. Tuna makapi ya miwa, tuna maganda ya kahawa, tuna maganda ya ndizi katika kila soko kuanzia Kongowea hadi Kibuye.

Lakini ushangiliaji una kiasi chake. Taa ambayo umeme hupita moja kwa moja katika nukta za kaboni ilionyeshwa mwaka 2011, na bado nuru yake iko nyuma sana ya LED za kawaida tunazonunua dukani. Nukta nyingi hung'aa vizuri zikiwa ndani ya maji, na zikikaushwa na kubanana hupoteza mwanga. Buluu hupatikana kirahisi. Nyekundu huwatoa watafiti jasho. Matumizi yaliyo karibu zaidi ni ya msaada: LED ya kawaida nyeupe ni kipande kinachotoa mwanga wa buluu, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Nobeli ya fizikia mwaka 2014, na juu yake hupakwa unga wa manjano ili macho yaone weupe. Nukta za kaboni zaweza kuchukua nafasi ya unga huo na kuufanya mwanga uwe wa joto, unaofanana na wa machweo. Jambo hili nalipenda kwa sababu za kitabibu. Mwanga mkali wenye buluu nyingi usiku huipunguza melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia. Na taa za bei ya chini kabisa barabarani mara nyingi ndizo zenye mwanga ule mweupe wa kuumiza. Maskini naye anahitaji kulala.

Sasa nifike kwenye neno linalonikera. Kila ninaposoma habari za nukta hizi hukuta imeandikwa kwamba kwa kuwa zimetokana na machungwa, au majani ya chai, basi ni salama. Hiyo si hoja. Tumbaku ni jani. Hata masizi ya koroboi yametokana na viumbe vilivyooza chini ya ardhi zama za kale. Usalama wa kitu haujulikani kwa kuuliza kilikotoka bali kwa kupima kinachofanya mwilini.

Nukta za kaboni zimepimwa katika seli na katika panya, na kwa jumla zimeonekana kuwa na sumu ndogo kuliko kadimiamu. Hilo ni la kweli na nalikubali. Lakini mwaka 2021 katika jarida la Nature Communications ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba nukta za kaboni zikikaa katika mwanga huvunjika, na vipande vinavyotokana na kuvunjika huko huua seli. Hebu fikiria hapo, ndugu msomaji. Hiki ni kitu ambacho kazi yake ni kukaa katika mwanga. Sisemi kwamba taa hiyo itamdhuru mtu aliyeketi mezani akisoma gazeti. Nukta zikiwa zimefungwa ndani ya plastiki ngumu hazina njia ya kumfikia. Namfikiria yule anayezichanganya kiwandani zikiwa unga, na yule kijana wa Dandora anayepasua taa mbovu kwa jiwe ili apate waya wa shaba.

Isitoshe, kaboni si kitu kimoja. Ile mirija midogo iliyokuwa ikitafutwa mwaka 2004 nayo hutajwa katika taa na vioo vya kisasa. Mwaka 2008 watafiti waliidunga mirija mirefu na migumu katika panya, nayo ikawasha mwili kwa namna inayofanana na asbesto. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka aina moja ya mirija hiyo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Nukta ya duara si sawa na mrija mrefu kama sindano. Mfanyabiashara ataziita zote kaboni.

Kuna atakayesema daktari huyu anatafuta makosa katika kitu kizuri. Namwomba aende Owino Uhuru, Mombasa. Hapo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Betri ni kitu kizuri. Bila betri sola haina faida usiku. Lakini risasi iliingia katika udongo, maji na damu ya watoto wa kijiji hicho. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, kesi ikakatiwa rufaa, na ikabidi wangoje hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha hukumu hiyo. Risasi haitoki katika ubongo wa mtoto kwa amri ya mahakama. Wakati betri zile zilipokuwa zikiuzwa, bei yake haikuwa na sehemu ya Owino Uhuru.

Mimi nataka nini basi? Nataka Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, liandike masharti ya taa zenye chembe ndogo namna hii kabla kontena la kwanza halijafika bandarini. Muuzaji aseme ndani mna nini, taa ina saa ngapi za uhai, na nukta hazitavuja ikipasuka au ikilowa. Tumewahi kuona ubaya wa kukosa masharti. Tochi za LED za bei ya chini zilipofurika madukani ziliharibika upesi hivi kwamba wananchi waliapa hawatanunua tena kitu cha sola, na ikabidi mpango wa Lighting Africa, ulioanzia Kenya na Ghana chini ya Benki ya Dunia, ufanye kazi ya kupima taa na kurudisha imani. Mtu aliyetapeliwa na tochi hurudia koroboi, na mapafu hulipa deni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kuchakaa. Tuanze kuitumia kwa taa.

Vyuo vikuu vyetu navyo visingoje kuletewa. Kutengeneza nukta kwa maganda ya kahawa hakuhitaji mashine za mabilioni. Lakini idara ya kemia ikianza, iikaribishe idara ya tiba tangu siku ya kwanza, wala isiwe baada ya magazeti kuandika.

Na la mwisho ambalo wanasiasa hawapendi kulisikia: nyumba zinazovuta masizi leo usiku haziwezi kungoja maabara ya Brisbane. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nusu hivi ya nyumba nchini zilipata mwangaza wa stima, na karibu moja kati ya tano zilitumia sola. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kuwa na stima si kuachana na koroboi. Tokeni zikiisha tarehe 20, kopo hushushwa kutoka juu ya kabati. Septemba 2018 Serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, ikiwalenga wanaoyachanganya na dizeli. Mwaka 2020 vifaa vya sola vilitozwa kodi ya VAT, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa. Huku unamfukuza mtu kutoka kwa mafuta, huku unamfungia mlango wa sola kwa mwaka mzima! Wizara ya Afya ingekuwa na kiti katika chumba kinachoamua kodi hizo, ingeeleza kwamba taa ndogo ya sola iliyothibitishwa ni kinga ya kifua kama ilivyo chanjo, na haifai kupandishwa na kushushwa bei kila bajeti inaposomwa.

Wiki hii, kwa wale watakaokuja kliniki na watoto wanaokohoa, nitaendelea kuuliza swali langu la taa. Mnaobaki nyumbani, kama mafuta taa bado yapo, yahamisheni leo kutoka chupa ya soda, yawekwe katika chombo chenye kifuniko kigumu, juu kabisa, mbali na mkono wa mtoto.